Wote Arobaini na Mmoja

Jumanne, 3 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliandika hapa kwa sababu daftari haliulizi maswali. Leo shule nzima ilipofanya zoezi la dharura, mimi sikuwepo uwanjani. Nilikuwa stoo ya maktaba, nimekaa juu ya boksi la vitabu vilivyochanika, nasoma. Kengele niliisikia, milio mitatu mirefu kama tulivyoelezwa. Nikajiambia namalizia ukurasa huu. Ukurasa ukaishia katikati ya sentensi, nikafunua unaofuata, na nilipoinua kichwa nikasikia wenzangu wanarudi madarasani wakishangilia.

Tulikuwa tumeshinda. Kidato cha Pili B, dakika tatu na sekunde kumi na moja, wa kwanza shule nzima. Kiongozi wetu wa darasa, ambaye tunamwita Kipaza kwa sababu hajui kunong'ona, alikuwa ameinua kibao chetu juu na kutangaza, "Pili B tayari! Wote arobaini na mmoja!"

Darasani tuko arobaini na mmoja nikiwemo mimi.

Niliingia kwa mlango wa nyuma nikajichanganya nao. Kipaza akanipiga begani. "Karani! Umeona mbio zile?"

"Nimeona," nikasema.

Huo ni uongo wa kwanza. Wa pili ni mbaya zaidi. Nina mwandiko mzuri, ndiyo maana wananiita Karani, na ndiyo maana makamu wa mkuu wa shule amenifanya katibu wa Kamati ya Dharura. Kazi yangu ni kunakili ripoti ya kila zoezi kwa kalamu ya wino na kutia sahihi. Saa tisa nilikaa ofisini kwake nikaandika: Pili B, wanafunzi 41, wote wapo. Nikatia sahihi.

Jumatano, 4 Machi

Manyunyu asubuhi. Hakuna aliyeniuliza jana nilikuwa wapi. Nilidhani ningefurahi.

Ijumaa, 6 Machi

Nieleze mpango wenyewe, maana nauandika kila siku na bado sijauandika hapa.

Shule yetu imejengwa kwenye mteremko, kama ngazi tatu. Jengo letu ndilo la chini kabisa. Nyuma yake kilima kimechongwa, na udongo umezuiwa na ukuta wa mawe unaofika kwenye paa. Mvua ikizidi, au moto ukitokea, tunapanda ngazi za pembeni hadi uwanja wa juu. Hapo kila darasa linapanga mstari.

Vibao ni wazo la makamu. Fundi seremala alichonga kumi na viwili, kila kimoja na mpini wake, na juu yake kwa rangi nyekundu kuna jina la darasa na idadi yake. Darasa likikamilika, kiongozi anainua kibao. Vikiinuliwa vyote, makamu anabonyeza saa yake ya kusimamisha na kutangaza shule imekamilika. Darasa la kwanza linapata kikombe. Wanafunzi wanamwita makamu Sekunde, naye anajua, na nadhani anapenda. Shati lake jeupe hupigwa pasi hadi mistari ya mikono inasimama yenyewe.

Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona ni akili kubwa. Mtu anasimama jukwaani na kujua yote bila kusikia neno. Sasa nafikiri: kibao chetu kitasema 41 hata kikiegemezwa kwenye mti.

Jumatatu, 9 Machi

Mama ni muuguzi wa kituo cha afya. Jioni alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni, nikamuuliza, "Mama, mkihamisha wagonjwa, mnajuaje wamefika wote?"

"Tunagusa."

"Mnagusa nini?"

"Kidole gumba cha mguu. Unamgusa, unamtaja jina, anaitika au anakunja uso. Ukisimama mlangoni ukasema 'kumi na wawili,' hapo umehesabu vitanda." Akanitazama. "Kwani siku hizi mnahamisha wagonjwa shuleni?"

"Ni zoezi tu la dharura."

"Haya. Na wewe ulikuwa unahesabu au unahesabiwa?"

Nikasema maji ya beseni yamepoa, nikaenda kuchemsha mengine.

Jumanne, 17 Machi

Zoezi la pili. Safari hii nilikuwepo, wa kwanza kufika. Kipaza alipoinua kibao tulikuwa thelathini na saba. Wawili walikuwa bado bombani wanakunywa maji, mmoja anarudi kutafuta kiatu, na mmoja sikumwona mpaka tuliporudi darasani. Dakika mbili na sekunde hamsini na nane. Tumeshinda tena.

Nilimfuata Kipaza kwenye ngazi. Nilitembea kama naenda kumwomba mkopo.

"Ulihesabu?"

"Nihesabu nini? Si nawaona?"

"Tulikuwa thelathini na saba."

"Karani, unataka kikombe kiende Tatu A? Wale wakishinda hata mbio za kujikwaa watatutambia mpaka tumalize shule." Akacheka. "Watu wanafika, bwana. Nani amewahi kutofika?"

Jibu lilikuwa mdomoni, herufi nne tu. Nikalimeza. Saa tisa nikaandika: 41, wote wapo.

Jumatatu, 23 Machi

Tumepata mwanafunzi mpya. Baba yake anaendesha katapila la kutengeneza barabara, na barabara ikisogea familia nayo inasogea. Hii ni shule yake ya tano. Amepewa dawati la nyuma kabisa, dirishani, peke yake. Kufikia mapumziko wameshamwita Mgeni.

Sasa tuko arobaini na wawili. Nilimwambia makamu kwamba kibao kimepitwa na wakati. Hakukasirika. Aliandika kwenye kijitabu chake. "Rangi nyekundu imekwisha, na fundi yuko juu ya paa la jiko. Tutabadilisha vyote mwisho wa muhula, kwa pamoja."

Alhamisi, 26 Machi

Mvua kutwa. Soksi hazikauki.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeongea na Mgeni. Ni kweli, mimi ndiye niliyeanza. Nilimuuliza kama anakerwa na jina hilo.

"Shule ya tatu waliniita Mgeni. Ya nne, Mgeni. Nikifika ya sita nitajitambulisha hivyo mwenyewe, niwapunguzie kazi."

Anasema maneno ya kuchekesha bila kubadilisha uso, hivyo unachelewa kucheka. Mapumziko yote mawili leo tumekaa pamoja. Yeye ni mzuri wa hesabu kuliko darasa zima, lakini hanyooshi mkono. Anasema ukinyoosha mkono watu wanakuzoea, na kisha unahama.

Jumanne, 31 Machi

Zoezi la tatu limeahirishwa. Makamu alitangaza kwamba kuna mvua na ngazi zina matope. Nikanakili: "Zoezi la dharura ya mvua limeahirishwa kwa sababu ya mvua." Niliposoma tena nikacheka peke yangu ofisini, halafu nikaacha kucheka.

Jumatatu, 6 Aprili

Fundi yuko nyuma ya jengo letu na chuma kirefu, anazibua matundu ya ukuta wa mawe. Nilisimama kumwangalia.

"Matundu haya ni ya nini, fundi?"

"Ya kukojolea," akasema, kisha akaona aibu. "Samahani, binti. Maana yangu ni kwamba udongo ukinywa maji lazima uyatoe. Sasa matundu yameziba. Nimezibua manane. Yako arobaini. Nimeshasema ofisini, wameandika."

Jumanne, 7 Aprili

Leo nimesema. Niandike vizuri, nisijipendelee.

Niliingia ofisini kwa makamu saa tisa kama kawaida. Badala ya kukaa nikabaki nimesimama. Nikasema, "Mwalimu, zoezi la kwanza mimi sikuwepo uwanjani. Nilikuwa stoo ya maktaba nasoma. Kibao kiliinuliwa bila mimi. Na zoezi la pili tulikuwa thelathini na saba. Hawahesabu, mwalimu. Wanainua tu."

Alifungua faili la buluu, taratibu, akaigeuza ripoti ya tarehe tatu upande wangu. "Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Na hii?"

"Yangu."

"Sasa nimwamini yupi? Aliyetia sahihi au anayesema?"

Hakusema kwa ukali, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Akafunga faili. "Wakaguzi wa elimu wanakuja Jumanne ijayo. Wakishaondoka, tutakaa mimi na wewe tuangalie hili. Sawa, binti?"

Nikasema sawa. Nikashukuru hata. Njiani nikawa najiuliza nilikuwa nashukuru nini.

Jumanne, 14 Aprili

Wakaguzi.

Asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nilikuwa nimekaa na Mgeni kwenye dawati la nyuma, Kipaza akamjia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinong'ona.

"Dada, tusaidie jambo moja. Kibao kinasema arobaini na mmoja. Mkaguzi akiamua kuhesabu, tutaonekana hatujui hata idadi yetu. Wewe kaa maktaba dakika kumi tu. Zoezi likiisha unarudi."

Nilisubiri Mgeni akatae. Alimtazama Kipaza, akanitazama mimi. "Nikikaa huko nisome nini?"

Hapa ndipo naona aibu. Nilifungua begi nikampa kitabu changu.

Kengele ililia. Dakika mbili na sekunde arobaini. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alisema anataka kuhakiki darasa moja, lolote. Akatuchagua sisi. Alipita na penseli akigusa kila bega kidogo, midomo yake ikisogea. Aliponigusa nilitaka kusema. Penseli ikapita.

"Arobaini na mmoja," akasema. "Hongereni sana. Huu ndio mfano."

Makofi. Makamu alitabasamu, na nilikuwa sijawahi kuona meno yake ya juu. Nina hakika hakujua habari za maktaba. Alifurahi kama mtu asiyeficha kitu.

Saa tisa nikaandika. Sahihi ya tatu. Mgeni alinirudishia kitabu, akasema mwisho wake hauridhishi.

Jumatano, 15 Aprili

Makamu alinipita kwenye korido. Sikumkumbusha kwamba tutakaa, naye hakusema.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Mama hajarudi tangu jana, barabara ya chini imejaa maji.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Fundi amezibua matundu mengine sita. Anasema ukuta umeanza kutoa tumbo. Nilikwenda kuangalia na kweli mawe ya katikati yamejitokeza. Makamu amemwandikia mkandarasi barua. Niliinakili mimi.

Alhamisi, 30 Aprili

Naandika habari za jana. Jana nisingeweza kushika kalamu.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Kipindi cha pili kilikuwa jiografia. Kilipoisha, mwalimu alimwomba Mgeni arudishe ramani kwenye chumba cha ramani, mwisho wa korido upande wa ukuta, kisha yeye akapanda kwenda kufundisha jengo la juu. Sisi tukabaki tunasubiri mwalimu wa hesabu.

Sauti ilikuwa kama lori linamwaga kokoto, ila lori hilo halikumaliza. Sakafu ilitetemeka. Halafu tukasikia nyundo ikipiga bomba la chuma nje. Mpango unasema milio mitatu mirefu ya kengele. Kengele ni ya umeme, na nyundo haiwezi kutoa mlio mrefu. Tulikaa. Naapa tulikaa, mtu mmoja akasema, "Fundi naye hachoki, hata kwenye mvua hii," tukacheka. Dakika nzima ilipotea hivyo.

Aliyetutoa ni Kipaza. Alichungulia korido, akaona tope linakuja kama uji, akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote! Acha begi, wewe!" Sauti ile tunayoicheka ilifika madarasa yote manne ya jengo letu. Nasema kweli, bila yeye tungeendelea kucheka.

Tulipanda ngazi tumeshikana nguo. Uwanjani mvua ilikuwa inachapa. Kipaza alikuwa amekichukua kibao. Akakiinua. "Pili B tayari! Wote arobaini na mmoja!"

Nilianza mwisho wa mstari. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilimgusa wa kwanza begani nikamtaja jina, akasema, "Nini?" Nikamgusa wa pili. Mmoja akasema, "Karani amechanganyikiwa jamani," mwingine akasema, "Mwache, ni baridi." Niliendelea. Nilipofika mbele nilikuwa nimegusa arobaini, na mimi mwenyewe arobaini na mmoja.

Nikapumua. Nakiri. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote uwanjani, kwa sababu hesabu yangu na ya kibao zililingana.

Halafu nikatazama mahali ambapo mtu wa dawati la nyuma huwa anasimama peke yake kwenye mkusanyiko wa asubuhi.

Nilikimbia jukwaani. Makamu alikuwa anamwambia mkuu wa shule, "Vibao vyote kumi na viwili viko juu. Shule imekamilika." Mkuu alikuwa ameshika simu, anatafuta mtandao. Nikasema, "Haijakamilika." Hakuna aliyesikia. Ninaongea kwa sauti ndogo siku zote, watu huniambia nirudie, na mara nyingi sirudii.

Nikarudia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Pili B ni arobaini na wawili! Mgeni hayupo! Alienda chumba cha ramani!"

Makamu alitazama kibao chetu. "Kibao kina..." akaanza, akaishia hapo. Uso wake ulibadilika rangi. Kisha alishuka ngazi za jukwaa kwa mruko mmoja, na shati lile jeupe, akawa anakimbia kuelekea chini akimwita fundi.

Kipaza alikuwa amesikia. Alimfuata na kibao chake mkononi.

Mimi nilikatazwa kushuka. Nilisimama juu ya ngazi nikaona. Mlango wa chumba cha ramani hufunguka kwa nje, na tope lilikuwa limeuegemea hadi kwenye kitasa. Fundi alikuwa na sepetu, makamu hakuwa na kitu, alichimba kwa mikono. Kipaza alivunja mpini wa kibao kwa goti akawa anachota tope kwa ubao wenyewe. Walichimba, tope likarudi, wakachimba. Nyuma yangu nikawa nasikia madarasa mengine yakihesabiana, kila mtu sasa anamgusa mwenzake.

Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa sina saa. Walimtoa kupitia ufa wa mlango, mkono wake wa kulia ukiwa unaning'inia vibaya. Rafu ilikuwa imemwangukia. Alikuwa amepanda juu ya meza, maji yakiwa yamefika kwenye meza.

Walipomleta juu nilimfunika sweta langu, nalo limelowa. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Nilisikia nyundo," akasema. "Nikajua fundi anatengeneza kitu."

"Sisi pia."

"Halafu nikawa naita. Nikasikia Kipaza huko juu anasema wote wapo." Hakubadilisha uso. "Nikaacha kuita."

Kipaza alikuwa amesimama karibu, tope hadi kifuani. Alisikia. Alikaa chini kwenye majani, kwenye mvua, hadi wazazi walipokuja kutuchukua.

Saa nane mchana sehemu iliyobaki ya ukuta iliangukia chumba cha ramani. Hakikubaki kitu cha kuitwa chumba.

Ijumaa, 1 Mei

Shule imefungwa hadi Jumatatu. Mama ndiye aliyemfunga Mgeni mkono kabla hawajampeleka hospitali kupigwa picha. Mfupa umevunjika mahali pawili.

Nimemwambia mama yote, tangu boksi la vitabu. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinuka.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza kama nilikuwa nahesabu au nahesabiwa."

"Nikakuona unakimbilia beseni. Nikasema mwanangu leo ana adabu." Akatazama mikono yake. "Wodini niliwahi kuacha mtu. Alikuwa chooni. Alipona, lakini kwa bahati yake, si kwa kazi yangu. Ndiyo maana naishika miguu ya watu."

Sikujua hilo. Nimeishi naye miaka kumi na mitano.

Jumatatu, 4 Mei

Tunasomea ukumbini, madarasa manne pamoja. Kelele. Kipaza hajasikika kutwa. Wakati wa mapumziko alinifuata.

"Karani, ripoti utaandika wewe?"

"Nadhani."

"Andika ni mimi niliyempeleka maktaba siku ya wakaguzi. Usiseme 'kiongozi wa darasa.' Weka jina." Akasugua pua. "Na andika sikuwahi kuhesabu hata siku moja. Wakipiga kelele wote mimi nachanganyikiwa, nikifika ishirini nasahau. Niliona aibu kusema."

Miezi miwili nilimwona mtu wa majivuno. Nami nilikuwa naficha aibu ileile, ila yangu ilikuwa na mwandiko mzuri.

Saa tisa nikaenda kwa makamu. Vidole vyake vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji, vyote vitano. Kucha mbili zimetoka. Shati lilikuwa jeupe, halikupigwa pasi. Alinisogezea karatasi aliyoiandika kwa mkono wa kushoto, nikaisoma. Ilisema wanafunzi wote waliondolewa kwa mujibu wa mpango, na kwamba mmoja alichelewa kidogo kufika uwanjani, akapata jeraha.

"Nakili hiyo. Wakaguzi wanaitaka kesho."

Nilishika kalamu. Niliandika tarehe. Nikaweka kalamu chini.

"Mwalimu, siwezi kuandika hivi."

"Kwa nini?"

"Hakuchelewa. Tulimwacha."

Alisogea nyuma kwenye kiti. Nje mvua ilikuwa imepungua, matone yalisikika moja moja kwenye bati. "Unajua nitafanywa nini wakisoma hilo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe? Sahihi zako ziko tatu kwenye faili hili."

"Ndiyo, mwalimu. Ziko tatu."

Alitazama dirisha. Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa namwogopa, na wakati huohuo naviangalia vidole vile. Mtu aliyechimba kwa mikono mitupu, na mtu aliyesema rangi imekwisha, walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja.

"Ulikuja ukaniambia tarehe saba," akasema mwisho. "Liandike na hilo."

"Sawa, mwalimu."

"Na fundi. Kwamba alisema kuhusu matundu."

"Sawa."

Nilikaa mezani nikaandika kurasa nne. Niliandika zoezi la kwanza, mahali nilipokuwa na nilichokuwa nafanya. Niliandika thelathini na saba. Niliandika rangi nyekundu, maktaba, kitabu nilichompa, kengele ya umeme na nyundo. Niliandika jina la Kipaza kama alivyotaka, na pia kwamba sauti yake ndiyo iliyotutoa. Nilitia sahihi. Makamu alisoma kurasa zote amesimama, akarudia ya tatu, kisha akatia yake kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa kubwa na zilizopinda.

Nilipeleka karatasi kwa mkuu wa shule. Aliniambia nisubiri, akasoma mbele yangu. Akasema nitaondolewa kwenye kamati na mama ataandikiwa barua. Nikasema sawa.

Kisha nikachukua madaftari ya Mgeni kutoka ukumbini nikaenda kwao. Ni chumba kimoja cha kupanga, karibu na mahali katapila linapoegeshwa. Alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye plasta, amenuna kwa sababu hawezi kushika kalamu na hesabu za juma zima zinamsubiri. Nilivuta kigoda. Nikamsomea swali la kwanza, akanipa jibu, nikaandika. Tulifika la saba mvua ikaanza tena na maji yakawa yanaingia dirishani. Tukaisogeza meza upande wa pili, tukaendelea na la nane.